Baada ya Sijambo

Samaki alisalimiwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, na kabla hujahesabu mbili akaitikia. Neno likatokea kwenye skrini kwa herufi za kijani, kubwa kama za bango la duka la vipuri: SIJAMBO.

Wageni wa kampuni ya Tanuru Jipya wakapiga makofi. Dokta Kokugonza, ambaye mji mzima ulimwita Koku, alikuwa amepiga magoti kwenye gati la mbao, nyaya zimemzunguka shingo, na aliyasikia makofi hayo kwa dharau ambayo hakujisumbua kuificha. Watu wazima kumi na wanne, wenye shahada zao na vitambi vyao, wakimpigia makofi domodomo mmoja aliyefungiwa kwenye tenga la waya! Msemaji wa kampuni, Bwana Masanilo, alikuja ziwani na viatu vyeupe. Tangu aliposhuka garini alikuwa akikanyaga kwa ncha za vidole, na bado tope lilikuwa limempata.

"Anaongea Kiswahili safi kuliko wengine pale ofisini kwetu," alisema Masanilo.

Wakacheka. Walicheka kwa kadiri ya cheo chake, si zaidi.

Domodomo haongei Kiswahili wala lugha nyingine yoyote. Ana kiungo kidogo karibu na mkia kinachotoa mapigo dhaifu ya umeme, na kwa mapigo hayo huona njia kwenye maji ya tope na kutambuana na wenzake. Mmoja akipiga, mwingine hujibu. Miaka kumi na moja iliyopita Koku, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa na kiburi cha kuwatosha watu watatu, alitengeneza Mkalimani, kifaa kinachotuma pigo la salamu majini na kutafsiri jibu la samaki. Jibu likija kamili ndani ya sekunde tatu, samaki hajambo na maji ni salama. Likikatika, au lisipokuja kabisa, samaki ana jambo, na aliyemwaga uchafu pale hufungiwa mfereji siku hiyohiyo.

Bunge liliupenda urahisi huo kama mtoto anavyopenda pipi. Likatunga Sheria ya Kauli ya Maji, na tangu hapo hakuna kiwanda kando ya ziwa lile kilichopewa ruhusa ya kumwaga hata ndoo moja bila samaki kuulizwa kwanza. Mabwawa matatu yalikuwa yamefungwa kwa kauli hiyo: Rushonga, Ibosa na Kyamalange. Kule Kyamalange, palipokuwa na kiwanda cha ngozi na harufu ya kumtapisha fisi, samaki wadogo aina ya furu walikuwa wamerudi kuzaliana kwenye mawe. Koku alikuwa na picha yao ukutani ofisini kwake, mahali ambapo wengine huweka picha za watoto.

Asubuhi hii yalikuwa mazoezi tu. Kauli yenyewe ingetolewa Jumamosi, mbele ya umma. Tanuru Jipya, wanaoyeyusha betri kuukuu, walikuwa wamemwaga maji yao kidogokidogo kwenye Ghuba ya Kanyamera kwa miezi minane ya majaribio. Sijambo moja ya Jumamosi ingewapa hati ya miaka kumi na miwili, na mabomba mapana mara kumi.

Wageni walipoanza kuondoka, Koku alifungua tenga ili amrudishe samaki majini. Mapezi yake yalikuwa yamelika kingoni, na ubavuni palikuwa na kidonda cheupe. Alimshika kwa viganja viwili chini ya maji, akamwachia. Samaki aliogelea mkono mmoja hivi, akageuka tumbo juu. Alikuwa amekufa kabla gari la mwisho halijafunga mlango.

Kwenye skrini neno lilikuwa bado linang'aa.

Koku alitazama mawe chini ya gati. Hapakuwa na konokono hata mmoja, wala utelezi wa kijani wanaoula. Hapakuwa na furu. Kwa miezi miwili alikuwa akijiambia kwamba ni msimu tu. Msimu! Hilo ni neno la mvivu mwenye shahada, naye alilijua vizuri kwa sababu alikuwa amelisikia kwa wengine na kuwacheka.

*

Mchana alikwenda kumwona mama yake mkubwa, Nyamwiza, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alimkuta amelala chumbani, dirisha wazi, khanga imefunika miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe unaendeleaje?"

"Mimi? Mimi sijambo kabisa." Nyamwiza akavuta pumzi, akaitoa taratibu. "Ila hiki kifua. Tangu juzi kinanibana. Na miguu hii, hebu ifunue uione ilivyovimba. Na jana nilianguka jikoni, mpaka jirani akaja kuniokota."

Koku alicheka, ingawa hakufurahi. "Mama, umeanguka, miguu imevimba, kifua kinabana, halafu unasema hujambo kabisa?"

"Sasa ulitaka nikuitikieje?" Yule mama alimtazama kama anayetazama mtu aliyekosa malezi, na aliyemlea ni yeye mwenyewe. "Umenisalimu, nimeitikia. Hiyo ni adabu, hata anayekata roho huitikia. Habari inakuja baadaye. Ukitaka kuijua hali yangu, kaa kitako unisikilize. Usinisalimie umesimama mlangoni kama mleta barua."

Koku akakaa kitako. 

Sekunde tatu. Kwa nini tatu? Kwa sababu wakati ule kamati ilitaka kifaa cha haraka, na yeye alitaka kuwafurahisha. Baada ya jibu la kwanza samaki aliendelea kutoa mapigo mengine, marefu, yasiyo na mpangilio alioutambua. Akayaita makelele. Akaandika amri ya kuyakata kwenye tafsiri. Alizaliwa na kukulia mahali ambapo mgonjwa huitikia salamu kwanza, kisha ndipo humwaga yaliyomo moyoni, na amri ile aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kupokea nishani.

Kwanza alimpeleka mama yake zahanati, akasubiri mpaka alipopewa dawa ya moyo na kitanda. Kisha akarudi maabara.

Rekodi zote zilikuwepo, pamoja na mapigo yaliyokatwa, kwa kuwa serikali haitupi kitu isichokisoma. Alifungua za Kanyamera. Katika mwezi wa kwanza wa majaribio, baada ya sijambo, samaki walitoa mapigo machache ya kawaida, kama watu wanaopiga soga. Mwezi wa tatu mapigo yalikuwa yamerefuka na kupungua kasi. Mwezi wa nane yalikuwa mazito, yenye mapengo katikati, na yalidumu dakika nzima. Akafungua rekodi za samaki wa maji safi na kusikiliza mia mbili. Hapakuwa na hata mmoja mwenye mapigo ya namna ile. Akafungua za ghuba nyingine zenye ruhusa, na huko aliyakuta. Yalikuwepo miaka yote. Samaki wale walikuwa wakiitikia salamu yake kwa adabu kisha wakaanza kueleza, naye akawa ameshafunga mlango.

Mabwawa yale matatu yaliyofungwa, sasa alielewa, ni yale tu ambako samaki walikuwa wameharibika kiasi cha kushindwa hata kuitikia.

*

Mkurugenzi Rwegoshora wa Idara ya Kauli ya Maji alikuwa mtu wa kula senene, panzi wa kukaanga, ofisini. Kopo lilikaa mezani, karibu na bendera ndogo, na mkono wake ulikwenda na kurudi wakati Koku akimweleza asubuhi ya Ijumaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomshtua Koku.

"Ma Koku," alisema, akijifuta vidole, "nani hajui kwamba mgonjwa huitikia sijambo?"

"Unamaanisha nini, Mkurugenzi?"

"Namaanisha mimi nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Nilikitazama kifaa chako nikasema, huyu binti ametuletea daktari anayempima mgonjwa kwa salamu. Nikakipenda sana. Nilidhani na wewe unajua." Akamtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimuudhi Koku kuliko matusi. "Kumbe ulikuwa hujui?"

"Ruhusa ya kesho isimame. Nitaandika barua ya kukiri kosa."

"Andika. Halafu usome kifungu cha sita."

Hakuhitaji kukisoma. Ikithibitika kwamba Mkalimani amekosea kauli moja, kauli zake zote ni batili. Kiliingizwa na wanasheria wa viwanda, na Koku alikisaini huku akicheka, kwa kuwa Mkalimani asingekosea kamwe.

"Kanyamera utaiponya," Rwegoshora aliendelea. "Bila kauli hakuna ruhusa mpya, hiyo ni sawa. Ila na kufungiwa kote kunafutika. Rushonga, Ibosa, Kyamalange. Mwenye kiwanda cha ngozi hajaondoa hata msumari mmoja, anangoja tu. Utawafungulia mabomba kwa mkono wako."

"Na ruhusa za zamani, za hizo ghuba nyingine? Nazo zitafutika?"

"Hapana. Hizo zinalindwa na kifungu cha tisa."

"Kwa hiyo kosa langu linafuta mema peke yake."

"Sheria nzuri ndivyo zinavyoandikwa," alisema Rwegoshora, na mkono ukarudi koponi. "Nyamaza, mama. Unapoteza ghuba moja, unabaki na mabwawa matatu na jina lako. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza."

Koku alitoka bila kuaga. Alimdharau mtu yule tangu siku ya kwanza, kwa senene wake na kwa kicheko chake cha puani. Sasa alilazimika kumeza kwamba mla senene alikielewa kifaa chake kuliko yeye, na kwamba katika miaka kumi na moja hakuona haja ya kumwambia.

Palikuwa na njia ya tatu, na asubuhi ya Jumamosi aliijaribu. Angeweza kumwamuru Mkalimani atoe NINA JAMBO, samaki aseme asiseme. Kanyamera ingefungwa, kifungu cha sita kisingeguswa, na mabwawa matatu yangebaki salama. Ilimchukua dakika nne kuandika amri hiyo. Urahisi wake ulimtia kinyaa. Akakaa akiitazama kwenye skrini, akijiona alivyokuwa amekaa, mwanamke wa miaka arobaini anayetaka kuokoa samaki kwa kumwekea maneno mdomoni. Na Rwegoshora angejua papo hapo, maana yeye hujua. Jumatatu angekuja na orodha yake ya samaki anaotaka waseme hiki au kile.

Akaifuta amri. Akabeba kifaa kama kilivyokuwa.

*

Walikuwa wamefunga mahema mawili ufukweni Kanyamera, moja la wageni na moja la wananchi, na nyuma yake masufuria ya pilau yalikuwa yakitoa mvuke. Bwana Masanilo alikuwa amebadilisha viatu. Alizungumza kwa dakika arobaini kuhusu ubia kati ya binadamu na samaki, akalitamka neno "endelevu" mara nyingi mpaka likakosa maana, kama lilikuwa nayo. Mkurugenzi naye akafuata. Hatimaye akaitwa Dokta.

Koku alituma salamu.

SIJAMBO.

Makofi, vigelegele, na Masanilo akatoa kalamu. Desturi ilikuwa kwamba hapo Koku huzima kifaa. Hakuzima. Aliiondoa ile amri ya kukata, akachomeka waya wa spika na kuongeza sauti mpaka mwisho.

Mapigo yakatoka. Tok. Tok-tok. Kimya kirefu. Tok. Yalikuwa mazito na ya kuchosha, na yalipita juu ya vichwa vya watu mpaka vigelegele vikaisha vyenyewe.

"Hiyo mliyoisoma ni itikio la salamu," Koku alisema kwenye maikrofoni. Sauti yake ilitetemeka na hakuijali. "Hii mnayoisikia ndiyo habari yenyewe. Samaki akishaitikia, huendelea kueleza. Wa maji mazuri hawatoi sauti hii. Wa hapa wanaitoa kwa miezi mitano sasa, na juzi mmoja aliitoa akafa mbele ya macho yangu. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiikata, kwa sababu niliiona ni makelele. Kosa ni langu. Kauli ya leo si kauli, na waliotangulia kusema sijambo, nao hatukuwasikiliza."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Hilo lilimshangaza. Alikuwa ameandaa michoro, na hakuna aliyeiulizia. Wale watu walikaa wakisikiliza mapigo yale jinsi mtu anavyomsikiliza jamaa yake kitandani. Mama mmoja wa mstari wa mbele, muuza dagaa ambaye siku hizi aliuza maandazi, alishika shavu akasema, "Pole."

"Pole," wakaitikia wa nyuma yake. "Pole sana." Neno likaenda hema zima, na hata baadhi ya wageni wakalisema.

Kwa muda kama wa pumzi mbili Koku alidhani ameshinda.

Rwegoshora akapokea maikrofoni. Alimshukuru mtaalamu wetu kwa ukweli na uungwana wake. Akatangaza kwamba kwa mujibu wa kifungu cha sita, Mkalimani amebatilika, hati ya Kanyamera imeahirishwa mpaka kipatikane kipimo kingine, na kufungiwa kwa Rushonga, Ibosa na Kyamalange kumefutwa kuanzia saa hii. Alivitaja vyote hivyo kwa sauti ileile, kisha akawakaribisha watu chakula.

Nao wakaenda. Walisimama, wakakunguta nguo, wakapanga foleni. Mapigo yalikuwa bado yakitoka kwenye spika, na mtu aliyekerwa na kelele akaichomoa. Koku aliwatazama wakipokea sahani, wale waliosema pole na wale ambao hawakusema, na dharau ikamjaa. Watu wa pole! Wangempa pole mtu anayezama, wakaongeza na sana, kisha wakauliza kama kachumbari imebaki.

Mama muuza maandazi alimjia na sahani mbili. "Mwanangu, umesema vizuri sana. Chukua, ule."

"Umesikia walivyosema kuhusu Kyamalange?"

"Nimesikia. Pole." Akamsogezea sahani. "Sasa sisi tutafanyaje? Wewe ndiwe msomi."

Koku alitaka kumjibu jibu la kuumiza, na alikuwa nalo tayari. Akamtazama yule mama alivyoshika sahani ya mtu mwingine kwa mkono wa kulia na yake kwa wa kushoto. Jibu likamgeukia mwenyewe. Yeye msomi alikuwa amekiri kosa lake hadharani, sauti ikamtetemeka, halafu akabaki amesimama pale akingoja wengine walibebe. Hiyo nayo ilikuwa pole, ila ya kwenye maikrofoni.

Akaacha kifaa pale pale mezani, akaenda kutafuta usafiri.

*

Alifika Kyamalange saa tisa. Barua ilikuwa imemtangulia. Huduma nyingine zote za nchi hii hutembea kwa magoti, barua ya kufungulia uchafu ilifika kwa dakika hamsini.

Mlinda lango, mzee aliyeitwa Ta Kyaruzi, alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mfereji na barua mkononi. Upande mmoja wa lango la chuma kulikuwa na maji ya kiwanda, meusi, yamelala miaka sita yakinenepa. Upande wa pili maji ya bwawa yalikuwa maangavu mpaka mawe yakaonekana, na juu ya mawe madume ya furu yalikuwa yakilinda mashimo yao ya kuzalia, kila moja likimfukuza jirani yake kwa ujeuri mkubwa. Katikati, juu ya lango, lilikuwepo gurudumu la kulifungulia.

"Shikamoo, Ta Kyaruzi."

"Marahaba, Dokta. Hujambo?"

Koku hakuitikia. Alikuwa akiwatazama furu.

"Nimeambiwa nifungue," alisema Ta Kyaruzi. "Barua inasema ulikosea."

"Nilikosea."

"Basi na sisi tulikosea kufunga?"

"Hapana. Kufunga mlifanya vizuri. Kosa ni langu, si la bwawa."

Mzee aliigeuza barua, akatazama nyuma yake, kana kwamba maelezo yamo huko. "Hapa sijaandikiwa hivyo. Nimeandikiwa nifungue kabla ya saa kumi."

"Najua."

Koku akapanda ukutani. Alikuwa amevaa gauni la sherehe, la kitenge kipya, nalo likanasa kwenye msumari na kuchanika pindo. Akalifikia gurudumu. Lilikuwa na kutu na grisi ya zamani. Akalikalia, miguu akaipitisha kati ya vyuma vyake, na mikono akaizungusha kwenye nguzo ya kati, akashika viwiko vyake mwenyewe.

"Dokta, shuka. Utachafuka."

Koku akakaza mikono kwenye nguzo.

"Wataleta askari."

"Na waje. Watanikuta."

Ta Kyaruzi alimtazama, kisha akatazama maji meusi, kisha mengine. Simu yake ikalia. Akaipokea kwa mikono miwili, kama kawaida yake akiongea na wakubwa.

"Ndiyo, mzee. Nimeipata. Ndiyo." Akasikiliza. "Hapana, bado. Gurudumu halizunguki, mzee. Kuna mtu amelikalia."

Sauti ya upande wa pili ilipanda mpaka Koku akaisikia ikiuliza ni mpumbavu gani huyo.

Mzee akafunika simu kwa kiganja, akamtazama Koku, akafikiri. Kisha akairudisha sikioni.

"Ni mwenye kosa, mzee," alisema. "Amekuja kulikalia mwenyewe."